Mhindi Aliyeomba Msamaha Bila Kujua

Vijana wa ukumbi wa Kimanga, mlinipa daftari jipya na kalamu mbili mkasema, “Mama Sauti, tuandikie maoni yako juu ya filamu tulizokuonyesha Jumapili hizi.” Mlitaka ukurasa mmoja. Poleni sana. Mtu aliyefanya kazi ya kusema karibu miaka thelathini humpi daftari zima halafu ukategemea ukurasa mmoja.

Kwa wale msionijua vizuri: nilikuwa mfasiri wa filamu kwenye ukumbi wa video hapa hapa Uvira. Tulikuwa na televisheni moja, mabenchi kumi na mawili, na maturubai ukutani ya kuzuia jua la mchana. Kaseti zilipita mpakani Kavimvira ndani ya mizigo ya wafanyabiashara, na zilisema Kichina, Kihindi, Kiingereza, lugha yoyote isipokuwa yetu. Mimi nilikaa kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, nikawasemea wote. Nilikuwa mzee wa Kichina mwenye ndevu, nilikuwa mke wake, nilikuwa farasi wake. Ndiyo maana mnaniita Mama Sauti. Hata marehemu mume wangu aliniita hivyo, hasa siku tulizogombana.

Na niseme mapema ili mtu asije akanisema nyuma: Kichina sijui. Kihindi sijui. Kiingereza nilijua “yes”, “no” na “my friend”, na hiyo “my friend” ilinidanganya mara nyingi, maana kwenye zile filamu aliyeitwa rafiki ndiye aliyepigwa risasi.

Haya, filamu zenu. Nianze na yule mtu wa angani. Saa mbili nzima mtu mmoja ndani ya chombo cha chuma, anaelea, anakunywa maji kwa mrija, anaangalia picha ya mke wake. Ninyi mlikaa kimya utafikiri mko kwenye ibada. Mimi mdomo ulikuwa unaniwasha! Mtu akae peke yake saa mbili bila mtu wa kumsumbua? Kwenye ukumbi wetu ningemwekea mama mkwe ndani ya ile redio yake: “Weye mukwe, uko kule juu unafanya nini, na huku nyumba inavuja?” Filamu ingepona hapo hapo. Lakini alipofungua kile kidirisha akaiona dunia nzima, ndogo, ya buluu, nilisimama bila kujijua nikapiga kelele, “Uvira iko wapi hapo?” Mmoja wenu akanionyesha kwa kidole, na mimi nikamwamini. Nilitembea na furaha hiyo wiki nzima. Nilikuwa nikikoroga uji nacheka peke yangu.

Ile ya nyumba yenye mashetani iliniudhi. Mlango unajifunga wenyewe, wanabaki. Damu inatoka kwenye bomba, wanabaki, baba anasema eti ni kutu. Hapa kwetu mlango ukijifunga mara mbili kikundi cha maombi kimeshafika na ngoma, na mwenye nyumba ameshaulizia chumba kwa shemeji yake. Nilicheka mpaka Mama Zawadi, jirani yangu wa benchi, akanifinya paja. Halafu yule mtoto akageuza kichwa chake nyuma-mbele. Sikumbuki niliingiaje chini ya benchi. Neema, mjukuu wangu anayeshika projekta yenu, ndiye aliyenivuta mguu nikatoka, na nasikia kuna picha kwenye simu zenu. Naomba zifutwe.

Ile katuni ya samaki mdogo anayetaka kuwa mwimbaji, mlikosea kuwaalika wauza ndagala, dagaa wetu wa ziwa. Kila samaki alipotokea na miwani yake na kofia yake, Mama Riziki aliuliza, “Huyu anakaukaka siku ngapi?” na Mama Zawadi akamjibu, “Siku mbili, jua likiwa kali.” Walimpima yule mwimbaji tangu wimbo wa kwanza. Lakini wavu uliposhuka, Riziki alilia kuliko watoto wote. Alilia akiwa na harufu ya ndagala mikononi. Kesho yake asubuhi nilimkuta sokoni anauza kama kawaida, nikamuuliza vipi, akasema, “Hawa hawaimbake.”

Na ile ya Kifaransa, ya mke na mume wanaokula supu! Wanakula. Wanatazamana. Mvua inanyesha. Mume anafungua mlango, na majina ya watu yanaanza kupanda kwenye ukuta. Nikamwambia Neema kaseti yake imekatika.

“Koko, imeisha,” akasema mjukuu wangu.

“Imeisha wapi? Waliachana ao hawakuachana?”

“Hatujue. Ni muntu mwenyewe anawaza.”

“Minye nilitoka kwangu na hii goti yangu nikuye kuwaza? Kuwaza si ningewazia kitandani?”

Nilikasirika kweli. Lakini siku tatu baadaye nilikuwa nasonga bugali, mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Yule mwanamke alijiwekea chumvi kwenye supu, akarudisha kopo la chumvi upande wake. Hakumsogezea mume. Aliyeondoka ni yeye, jamani, aliondoka tangu kwenye supu! Nikaacha bugali ikaungua nikaenda nyumbani kwenu nyote, mlango kwa mlango, kuwaambia. Mlinitazama kama mgonjwa. Basi hiyo nawapa hongera nayo, ingawa chakula changu mliniunguzia.

Sasa, kazi. Aliyenifundisha alikuwa Papa Mulonda, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye koo la chuma. Yeye ndiye aliyekuwa mfasiri wa kwanza pale ukumbini. Mimi nilikuwa nje mlangoni na karai langu, nakaanga mandazi, na kwa kuwa nilisikia kila kitu kupitia pazia nilikuwa nikiwajibu waigizaji. “Usimwamini huyo!” “Kimbia, mama!” Siku moja mafua yalimkaba Papa Mulonda, sauti ikaisha kabisa, na ndani watu walikuwa wameshaanza kupiga miguu chini. Akatoka, akanitazama, akasema kwa ile sauti yake ya karatasi, “Kila siku weye unasemaka bila kuitwa. Leo ninakuita.” Niliingia na unga mikononi.

Papa Mulonda alinifundisha mambo ambayo hamtayapata kwenye simu zenu. Filamu uitazame kwanza peke yako ukiwa umezima sauti, ili uone nani anamchukia nani. Halafu uisikilize umefumba macho, ili ujue nani anadanganya. Kila mwigizaji mpe mahali pake mwilini: jambazi akae kifuani, mama mzazi puani, mtoto chini ya ulimi. Tangawizi na asali ya kule Lemera kabla ya kuanza, na usinywe kitu baridi katikati hata wakikubembeleza. Ngumi ifanywe kwa kandambili kwenye paja. Mimi paja langu la kulia mpaka leo lina rangi yake. Na ukikwama, hujui mtu anasema nini, usinyamaze. Mwite mwenzake jina mara tatu mpaka ujue anataka nini. “Rajan! Rajan! Rajan!” Mara ya tatu kwa kawaida Rajan mwenyewe atakuwa ameshafanya kitu, na wewe umeokoka.

Nimetazama ile yenu mpya ya mapigano, ya wale watu wanaoruka juu ya maghorofa. Nzuri, inang'aa. Lakini mbona hawatoki jasho? Mtu amepigana na watu mia na shati lake limepigwa pasi. Sisi tulikuwa na yule Mchina mfupi aliyepigana akiwa na njaa, ulimwona kabisa kwamba ana njaa. Nilikuwa nikimsemea, “Nipige haraka, chakula kinapoa,” na mabenchi yanatikisika.

Kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya katika filamu yake. Umeme ulikatika katikati ya pambano la mwisho, na jenereta ikagoma kuwaka. Ndani giza, maturubai yanachemka, watu wanataka kutoka. Nikaendelea. Nilisema filamu nzima gizani, kwa mdomo tu na kandambili. Nilimwua yule jambazi mkubwa, nikamzika, nikamwoza Mchina wangu kwa binti wa mwalimu, nikapigisha vigelegele vya harusi. Watu wakapiga makofi. Hapo jenereta ikawaka. Televisheni ikarudi pale pale ilipoachia, na nani yuko katikati ya picha, mzima, na panga lake? Jambazi. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama.

Nikasema, “Huyu ni pacha wake.”

Mnacheka, lakini ilinibidi nimuue mara ya pili, na mara hiyo nilimlilia, maana pacha hakuwa na kosa. Papa Mulonda alikuwa nyuma kabisa, ameegemea nguzo, anajifuta machozi ya kicheko. Aliniambia baadaye, “Sasa umekuwa mufasiri. Lakini usioze muntu kama umeme haujarudi.”

Ile filamu ya zamani isiyo na sauti, ya yule bwana aliyeng'ang'ania ngazi na kopo la rangi, siwezi kuisema vizuri kwa kalamu. Mmeniletea filamu ambayo hakuna mtu anayesema! Hakuna lugha ya kukosea! Nilimsemea kila mtu mpaka mbwa, mlinishangilia, nikarudi nyumbani mwepesi kama msichana. Goti lenyewe lilinyamaza siku hiyo.

Nafika kwa ile ya Wahindi. Najua ndiyo mnayoingojea, kwa sababu nusu yenu mlikuwepo mkaniona nilivyotoka jasho, na nusu nyingine mlikuwa mmeenda kununua karanga na mpaka leo mnauliza kulitokea nini.

Lazima kwanza niwaambie habari za Mama Zawadi na Mama Riziki. Mnawaona kila Jumapili benchi la mbele, yule mrefu na yule mnene, wanakula kwenye mfuko mmoja. Ni ndugu wa tumbo moja, Zawadi mrefu ndiye mkubwa, na mnadhani walizaliwa wakicheka hivyo. Kuna miaka minne hawakusalimiana. Mama yao alipofariki, Riziki alikuwa ameolewa Lemera, mvua ilikuwa imekata njia, akafika siku mbili baada ya maziko. Akakuta vikwembe vya mama, vitenge vyake vyote, vimeshagawiwa kwa mama wadogo, hakuna hata kimoja alichowekewa yeye. Aliyegawa ni Zawadi. Riziki akasema maneno, Zawadi akajibu maneno. Baadaye Riziki na mumewe wakahamia mjini, akaweka meza yake ya ndagala hatua kumi kutoka meza ya dada yake, na wakaishi hapo kama watu wa nchi mbili. Zawadi akitaka kopo la kupimia alimwambia muuza chumvi aliyekuwa katikati yao, “Ambia ule muntu anipe kopo.” Na Riziki alijibu, “Ambia ule muntu, kopo haiko.” Muuza chumvi alikonda.

Mandazi sikuyaacha, na Zawadi alikuwa mteja wangu kila asubuhi, akikaa kwenye kigoda changu. Asubuhi moja aliniambia, bila mimi kumuuliza, huku anaangalia mafuta yanavyochemka: “Kama angekuya, ningemwambia hivi. Mudogo wangu, nilikasirikaka mpaka nikasahau juu ya nini. Nyumba imekuwa mukubwa sana. Kuya, hata kama unakuya kunitukana.” Halafu akanishika mkono. “Usiseme hii kwa muntu.” Nikaapa. Nilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, nikaapa hivyo hivyo.

Wiki ile ile ikaja filamu ya Wahindi. Dada wawili; mdogo anaondoka na mwanaume asiyetakiwa na familia; mkubwa anakimbia mpaka kituo cha treni, nguo yake ndefu inaburuta, analia, anamshika mdogo mikono yote miwili mlangoni mwa behewa, na anasema. Anasema maneno mengi! Nilikuwa nimeitazama mara mbili, bila sauti na kwa sauti, na sikuwa nimempatia neno hata moja. Siku ya onyesho Riziki alikaa karibu na televisheni. Zawadi alikuwa benchi la mwisho, karibu na mlango, kwa sababu alimwona mwenzake mbele. Kituo cha treni kikafika. Nikamwita mdogo jina mara tatu. Mhindi akaendelea kulia. Nikafungua mdomo, na yaliyotoka ni maneno ya Zawadi, yote, mpaka lile la kutukanwa.

Riziki alilia kwa sauti. Akasimama, akageuka, akaanza kuruka mabenchi, yote kumi na moja, na mwili wake mnaujua, akamwangukia dada yake kule mlangoni. Huku mbele treni ya Wahindi ikaondoka na mdogo ndani, na mimi, kwa furaha na woga, nikasema kwenye kipaza sauti, “Anaenda kuleta mizigo tu, atarudi Jumatatu.”

Kesho yake Zawadi alikuja kwenye kigoda akiwa bado amevimba macho. “Mama Sauti, Mungu ni mukubwa. Ule Muhindi alisema maneno yangu, moja moja, kama vile nilikuambia.” Nilimpa andazi la bure, nikanyamaza. Ndiyo siku pekee ya kazi yangu niliyonyamaza.

Tangu hapo wanaanika ndagala kwenye wavu mmoja. Kitu kimoja tu Riziki amekuwa akikirudia, kwa utani, lakini amekirudia kila mwaka: “Minye ndiye niliruka mabenchi. Huyu hajawahi kusema hata pole.” Na Zawadi hucheka, akageuza mazungumzo.

Basi Neema akaitafuta ile filamu, akaipata, safi, ina maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Mkaipanga kwa Jumapili, mkawaalika Zawadi na Riziki kama wageni wa heshima. Kwa kuwa nimefundishwa kutazama kwanza, niliitazama Jumamosi kwenye kompyuta ya Neema, na nilipofika kituo cha treni nikasoma kwa Kifaransa changu cha shuleni mara tatu, nikavaa miwani, nikasoma ya nne. Yule dada mkubwa hakuomba msamaha kamwe. Analia, ndiyo, lakini anachosema ni hiki: “Chukua bangili za mama. Usirudi tena. Kwangu wewe umekufa.” Na yule mdogo harudi. Si Jumatatu, si siku yoyote.

Niliogopa, vijana wangu. Sikuogopa kuitwa mwongo, hilo nilizoea. Niliogopa kwamba Zawadi akijua Mhindi hakusema vile, atajua papo hapo nani alisema. Kwamba siri yake ya kigodani niliitangaza kwa kipaza sauti mbele ya mabenchi kumi na mawili. Na Riziki atajua kwamba aliruka mabenchi kwa ajili ya filamu ambayo haikuwepo. Amani ya wale wawili ilikaa juu ya mdomo wangu peke yake, na nilimwona Neema anataka kuivunja kwa Kifaransa ukutani.

“Tuonyeshe ile ya samaki tena,” nikamwambia.

“Koko, Mama Zawadi ameshashonesha nguo ya kukuya nayo.”

Usingizi uliniruka, lakini asubuhi nilikuwa na mpango. Zamani baadhi ya kaseti zilikuwa na maandishi ya Kichina chini, na fundi saa mmoja alidai anayasoma, akawa ananipinga kila sentensi. Papa Mulonda alifunga kipande cha kitambaa kwenye sehemu ya chini ya televisheni. Maandishi yakatoweka, na Kichina cha fundi saa kikatoweka nayo. Basi Jumapili nilikuja ukumbini kabla ya watu wote, na misumari, na kikwembe changu cha njano chenye picha za kuku, nikakitandaza kwenye sehemu ya chini ya ukuta wenu mweupe, kutoka kona hadi kona. Neema akaniuliza ni cha nini. Nikamwambia ni mapambo.

Wenye akili mmeshacheka. Mimi nilikuwa mtu wa televisheni! Nani aliniambia kwamba projekta haijali kitambaa? Filamu ikaanza, yule dada mkubwa akafungua mdomo, na Kifaransa chote kikatokea juu ya kikwembe changu, herufi kubwa nyeupe zinatembea juu ya kuku mmoja baada ya mwingine. Ilisomeka vizuri kuliko ukutani. Ukumbi ulicheka mpaka vumbi likashuka kwenye paa, na mimi nilikuwa nimesimama pale na nyundo.

Halafu wazee wakaanza: “Mama Sauti! Hii Kifaransa inakimbia sana! Tusemee!” Nikatafuna tangawizi, nikasimama mahali pangu pa zamani. Na niwaambie ukweli, ile saa ya kwanza nilifurahi mno. Kwa mara ya kwanza maishani nilijua wanachosema! Kumbe yule mjomba niliyemfanya mchawi siku ile alikuwa daktari wa meno. Nikamwomba radhi kwenye hadhara, mkapiga makofi.

Kituo cha treni kikafika. Mhindi akakimbia, nguo ikaburuta. Nikageuka nikawatazama. Ninyi vijana mlikuwa mnasoma kuku. Wazee walikuwa wananitazama mimi, na Riziki midomo yake ilikuwa inatembea tayari, anayajua maneno kwa moyo. Ningeweza kuyasema ya zamani. Lakini mmoja wenu alishasoma akavuta pumzi, “Eeh!” na Neema alikuwa ananiangalia kutoka kwenye projekta yake.

Nikasema kilichoandikwa. “Chukua bangili za mama. Usirudi tena. Kwangu wewe umekufa.”

Riziki akainua mkono. “Simamisha.” Neema akasimamisha, Mhindi akabaki mdomo wazi ukutani.

“Mama Sauti, hapana,” akasema Riziki. “Siku ile hakusema vile.”

“Siku ile alisema vile vile. Minye ndiye sikusema vile.”

“Sasa ile ya nyumba kuwa mukubwa? Ile ya kuya hata kama unakuya kunitukana? Ulitoa wapi?”

Niliapa, na kiapo nilikuwa nimeshakivunja mara moja. Zawadi alikuwa amekaa wima ndani ya nguo yake mpya, anatazama kuku, na uso wake sikuweza kuusoma hata kwa mafunzo yote ya Papa Mulonda. Nikajiambia, basi, imekwisha.

“Ni yangu,” akasema Zawadi.

Riziki akageuka.

“Ile maneno ni yangu. Nilimwambiaka huyu, asubuhi moja, kwa mandazi. Miaka hii yote nilijua Mungu aliyachukua akayapeleka India. Kumbe yalipita hapa tu.” Akanyoosha kidole kwenye mdomo wangu, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na mimi nikacheka nikilia, maana kidole chenyewe hakikuwa na hasira.

Riziki hakucheka. “Ilikuwa yako, na weye hukuniambia?”

“Muhindi alikuwa amekwisha kusema. Nikaona inatosha.”

“Haitoshi.”

Zawadi akasimama. Alisimama katikati ya mwanga, ule uso mkubwa wa Mhindi ukamwangukia kifuani, na yeye hakujua. Akavuta mikono ya nguo. Akaangalia sakafu, akasema kwa sauti ndogo, kwa kukwama, kama mtoto anayesoma darasani, “Mudogo wangu. Nilikasirikaka mpaka nikasahau juu ya nini. Nyumba imekuwa mukubwa. Kuya... hata kama...” Akashindwa kumalizia.

Mimi nilikuwa na neno lililobaki mdomoni, tayari, na kipaza sauti mkononi. Nilikiweka chini.

“Mama Sauti alisema vizuri kukupita,” akasema Riziki, na sauti yake ilikuwa imevunjika. “Sema tena.”

Zawadi akacheka, akajifuta macho kwa mkono wa ile nguo mpya, akasema tena, mpaka mwisho.